Moyo wa bibi uko tumboni

Haya jamani, nimerudi. Najua nimewakimbia karibu mwezi mzima, na wengine mmeshaanza kusema jamaa kadisko karudi Kilwa kuvua pweza. Bado nipo. Tatizo ni wodi. Tulivyoanza mambo ya wodini, ule muda wa kukaa kantini na kubishana mpira umekwisha kabisa, na boom lenyewe limekwisha kabla ya muda.

Leo nataka kuwasimulia aibu niliyoipata, halafu niwaeleze ilivyonipeleka kusoma historia, somo ambalo nililikimbia tangu kidato cha 4. Mtu wa sayansi kusoma historia usiku wa manane, wakati mtihani uko wiki ijayo! Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ilikuwa hivi. Nilipangiwa mgonjwa, bibi mmoja aliyetoka Kilwa Kivinje, kaletwa Dar na binti yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu. Nikamwambia bibi, mimi ni mjukuu wako kabisa, kwetu Kilwa Masoko. Alifurahi ile mbaya. Nikamwuliza kinachomsumbua.

"Moyo, mwanangu. Moyo unanichoma, usiku hata usingizi sipati. Na asubuhi moyo unanichafuka, sitaki kuona chakula."

Nikaandika vizuri kabisa kwa Kiingereza changu cha kujivunia: mgonjwa analalamika maumivu ya moyo. Kesho yake kwenye raundi nikasimama kifua mbele, nikasoma. Daktari wetu akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Ulimwambia akuonyeshe kwa kidole?"

Kimya. Sikumwambia.

Akamgeukia bibi. "Mama, hebu tuonyeshe panapouma." Bibi akaweka kidole pale mbavu zinapoachana, chini ya kifua, juu ya kitovu. Akasema, "Hapa, kwenye chembe."

Wenzangu wakacheka chini chini. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kati ya wanafunzi 6 tuliokuwa pale, mimi peke yangu ndiye niliyezaliwa pwani ya kusini. Chembe cha moyo nimeisikia tangu utotoni. Ila nilipovaa koti jeupe nikaisahau, nikabaki na maneno ya kitabuni.

Basi jioni nikakaa na daftari. Swali langu lilikuwa dogo: haya majina ya sehemu za tumbo tunayoyakariri kwa Kiingereza yametoka wapi, na yana uhusiano gani na yale anayoyajua bibi?

Kwa wale ndugu zangu wa biashara na sheria, kwanza niwaeleze ramani yenyewe. Sisi tumbo tunaligawa vyumba 9, kama dirisha lenye vioo 9. Mistari 2 inashuka wima kutoka katikati ya mitulinga, mmoja kulia na mwingine kushoto. Mistari mingine 2 inakatiza, mmoja karibu na mwisho wa mbavu, mwingine usawa wa mifupa ya nyonga. Safu ya juu ina chumba cha katikati kinachoitwa "epigastrium", na pembeni yake kila upande "hypochondrium". Safu ya kati ina kitovu katikati, na pembeni kila upande "lumbar". Safu ya chini katikati ni "hypogastrium", na pembeni "iliac", ambayo vitabu vingine huiita "inguinal".

Mwaka wa kwanza niliyakariri haya kama mashairi, bila kujua yanasema nini. Mtu akiniuliza maana nilikuwa najibu, "ndiyo jina lake." Kumbe ukiyafungua ndani hakuna siri yoyote! "Epi" kwa Kigiriki ni juu ya, na "gaster" ni tumbo. Basi, juu ya tumbo. "Hypo" ni chini ya, kwa hiyo "hypogastrium" ni chini ya tumbo, yaani tumbo la chini, vile vile wanavyosema mama zetu wakiumwa. "Hypochondrium" ni chini ya gegedu, maana "khondros" ni gegedu, ile sehemu laini ya mwisho wa mbavu. "Lumbus" ni Kilatini, maana yake kiuno. "Umbilicus" ni kitovu. "Inguen" ni kinena. Kwa hiyo mtu anayesema "inguinal" na mtu anayesema kinenani wanasema kitu kimoja, ila mmoja kavaa tai.

Hili ndilo la kwanza lililonishangaza. Hayakuwa maneno ya wasomi tangu mwanzo. Yalikuwa maneno ya watu wa kawaida, wa sokoni na jikoni, Athens na Roma. Yamekuwa ya kisomi kwa sababu yamesafiri mbali na wenyewe waliokuwa wakiyasema kila siku.

La pili lilinishangaza zaidi, na hapo ndipo bibi yangu anaposhinda kesi.

Kwa Kigiriki moyo ni "kardia". Lakini Wagiriki wa kale walitumia neno hilo hilo kwa mlango wa juu wa tumbo, pale chakula kinapoingilia kutoka kooni. Mwanahistoria Thucydides, alipoeleza tauni iliyoipiga Athens mwaka 430 kabla ya Kristo, alisema ugonjwa ukifika kwenye "kardia" mtu anavurugika na kutapika. Karne kadhaa baadaye Galen, tabibu aliyezaliwa Pergamon mwaka 129, akaeleza kwamba watu wa zamani waliuita mlango wa tumbo kwa jina la moyo. Na mpaka leo kwenye vitabu vyetu sehemu hiyo ya tumbo inaitwa "cardia". Waingereza nao kiungulia wanakiita kuungua moyo. Wafaransa wakisikia kichefuchefu wanasema moyo unawauma.

Sasa mrudie bibi wa Kivinje: moyo unanichoma, moyo unanichafuka. Jamani, bibi alikuwa anaongea Kigiriki cha Thucydides! Mjinga pale wodini alikuwa mmoja tu, na ndiye anayewaandikia.

Halafu chembe yenyewe. Kwa Kiswahili chembe ni punje, lakini pia chembe ni kile kichwa cha mshale. Ukipapasa mwisho wa mfupa wa kifua utakuta kincha kidogo kinachochongoka kuelekea chini. Wazee wetu walikipapasa wakaona chembe ya mshale. Wagiriki walikipapasa hicho hicho wakaona upanga, "xiphos", ndiyo maana kwenye anatomia kinaitwa "xiphoid". Watu wawili wasiojuana, bahari mbili tofauti, mfupa mmoja, na kila mmoja kaufananisha na silaha aliyoizoea.

Hapa pana kipande cha historia ambacho sikukitegemea, kwa sababu kinapita jirani na kwetu. Vitabu vya Galen havikufika Ulaya moja kwa moja. Baghdad, katika karne ya 9, Hunayn ibn Ishaq na wenzake walivitafsiri kwa Kisiriaki na Kiarabu. Kisha akaja Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, akaandika kitabu kikubwa cha tiba, Al-Qanun. Karne ya 12 kikatafsiriwa kwa Kilatini huko Toledo. Watafsiri walipokutana na maneno ya Kiarabu yaliyowashinda wakayaacha hivyo hivyo. Matokeo yake, Mondino alipoandika kitabu chake cha upasuaji wa maiti Bologna, mwaka 1316, ukuta wa tumbo aliuita "mirach", utando wa ndani ya tumbo "siphac", na lile pazia la mafuta linalofunika utumbo "zirbus". Yote ni Kiarabu kilichovaa kanzu ya Kilatini.

Miaka hiyo hiyo Kilwa Kisiwani ilikuwa kwenye enzi yake. Husuni Kubwa ilikuwa inajengwa, na mwaka 1331 Ibn Battuta alifika akausifia mji. Kiarabu kilikuwa kinasafiri pande zote mbili, kaskazini hadi Italia, kusini hadi kwetu. Na sisi tulipokea: tabibu, dawa, homa, maradhi, hata damu, yote ni maneno yaliyokuja na majahazi.

Lakini tazama vizuri. Tumbo hatukulitoa. Ini, figo, nyongo, wengu, utumbo, mbavu, kitovu, kinena, hayo yote ni Kibantu, yalikuwepo kabla jahazi halijatia nanga. Tulichukua majina ya dawa na ya anayeitoa, lakini ndani ya mwili tulikuwa na ramani yetu tayari. Hata hasira na huzuni tuliziweka humo: mtu anakukata maini, mambo yanatumbukia nyongo. Na Wazungu vile vile. Waliamini huzuni inatokea kwenye viungo vilivyo chini ya mbavu, na ndiyo sababu mtu anayejihisi mgonjwa kila siku bila ugonjwa wanamwita kwa jina la "hypochondrium".

Na yale maneno ya Kiarabu kwenye vitabu vya Kilatini yakaishia wapi? Wasomi wa karne ya 16 waliyachukia, wakataka kurudi kwenye Kigiriki na Kilatini safi. Kitabu kikubwa cha Vesalius kilitoka mwaka 1543, na baada ya muda "mirach" na "siphac" zikatoweka. Leo ukizitaja kwenye mtihani unapewa sifuri.

Kufika mwisho wa karne ya 19 vurugu ilikuwa kubwa. Kila chuo kilikuwa na majina yake, makumi ya maelfu ya majina kwa viungo vile vile. Wanaanatomia wa Kijerumani wakakutana Basel, Uswisi, mwaka 1895, wakapitisha orodha moja ya Kilatini yenye majina elfu 5 na kitu. Orodha hiyo ikarekebishwa Paris mwaka 1955, na tena mwaka 1998, lakini mzizi wa ninachokariri ni ule wa Basel. Hata ile mistari ya kugawa vyumba haina umri mkubwa. Mstari mmoja maarufu wa kukatiza, unaopita katikati ya shimo la shingo na mfupa wa kinena, uliwekwa karibu na mwaka 1900 na Mwingereza Christopher Addison, aliyekuja kuwa waziri wa kwanza wa afya wa nchi yake mwaka 1919.

Nilipoandika 1895 kwenye daftari kalamu ikasimama. Mtoto yeyote wa Kilwa anaujua huo mwaka. Ndio mwaka Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya pale Kivinje, kwenye mwembe ambao watu wakauita Mwembe Kinyonga. Sisemi kwamba kikao cha Basel na mwembe wa Kivinje vinahusiana. Wale walikuwa maprofesa na karatasi zao. Ila najua kwa nini leo bibi wa Kivinje inabidi atafsiriwe ili aingie kwenye faili, na si kinyume chake. Lugha iliyokuja na serikali ndiyo iliyopewa kalamu. Wakaondoka Wajerumani, wakaja Waingereza, na shule ya udaktari ilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963 ilifundisha kwa Kiingereza. Mpaka leo ndivyo.

Sasa msije mkanielewa vibaya, nikaonekana nataka tuyachome maneno ya Kilatini. Hapana. Yana kazi, na kazi yenyewe naijua kwa uchungu.

Mjomba wangu alifariki nikiwa kidato cha 2. Alikuwa na uvimbe kinenani kwa miaka mingi, na nyumbani wote tuliuita mshipa. Siku moja ukavimba zaidi, ukawa mgumu, akaanza kutapika. Wazee wakasema mshipa umempanda, apewe dawa ya mizizi atulie. Alikaa siku 3. Alipopakiwa kwenye gari alikuwa hasemi tena.

Leo najua kwamba neno mshipa, kwa maana hii ya uvimbe, lilikuwa limebeba vitu 2 tofauti. Kuna busha, ambalo ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani. Pwani yetu ya Lindi na Mtwara tunalijua sana, linaenezwa na mbu pamoja na matende, na mpango wa taifa wa kuyatokomeza ulianza mwaka 2000 kule Mafia. Na kuna ngiri, ambapo utumbo wenyewe umepenya kwenye kinena na kushuka. Busha linaweza kukaa miaka likakuonea haya tu. Ngiri ikibanwa, ikagoma kurudi, ikauma na mtu akatapika, hiyo si ya kusubiri hata nusu siku, ni kisu. Kuzitofautisha tunafundishwa kwa vidole na tochi. Ukiweza kushika juu ya uvimbe na kuhisi umeishia hapo chini, huenda ni busha, na ukilimulika gizani mara nyingi linang'aa. Kama vidole haviupati mwisho wake wa juu, umetoka tumboni, huo ni ngiri.

Kwa hiyo jina linalochanganya vitu 2 linaweza kuua. Hapo ndipo ramani ya vyumba 9 inapolipa. Mfano mwingine ni kidole tumbo. Mwaka 1889 Charles McBurney wa New York alionyesha sehemu ya kubonyeza: chora mstari kutoka kwenye kitovu hadi kwenye ncha ya mfupa wa nyonga ya kulia, hesabu theluthi moja kutoka nyonga, bonyeza hapo. Lakini mara nyingi maumivu huanzia kitovuni, kwa sababu mishipa ya fahamu ya utumbo huo inaingia kwenye uti wa mgongo pamoja na ya kitovu, na baadaye ndiyo yanahamia chini kulia. Mama atakwambia mtoto ana chango. Ukimwuliza yalianzia wapi na yamehamia wapi, mama huyo huyo anakupa jibu la kitabuni bila kujua. Ukiandika "chango" tu ukaenda zako, umemwua mtoto.

Na upande wa kushoto chini ya mbavu, nimeona kwa baadhi ya wazee chale kuukuu zilizopangwa mstari. Anakwambia utotoni alikuwa na bandama. Ndiyo wengu lililovimba kwa malaria za mara kwa mara. Ramani imeandikwa kwenye ngozi kabisa, na wewe unatafuta faili.

Jambo ninalotaka kulisema kwa ufupi ni hili. Mgonjwa anakuja na ramani, na daktari ana ramani. Hakuna iliyo ya kijinga, zote zimetengenezwa na watu waliopapasa tumbo lile lile. Ila ya mgonjwa ndiyo ya kwanza kusomwa, kwa sababu yeye ndiye anayeumwa. Kazi ya koti jeupe ni kuziweka moja juu ya nyingine, na njia ya kufanya hivyo ni ya bei rahisi kuliko kipimo chochote: "Bibi, nionyeshe kwa kidole kimoja."

Mtauliza bibi aliishia vipi. Daktari hakumdharau moyo pia. Alitwambia mtu mzima akiumwa chembe, moyo wenyewe lazima upimwe, maana mshtuko wa moyo unaweza kujificha pale pale. Ukapimwa kwa mashine, ukakutwa mzima. Kamera iliposhushwa tumboni ikaonyesha vidonda. Akaanzishiwa dawa, na siku ya 4 akawa anaomba uji mwenyewe.

Siku anaruhusiwa nilimsindikiza hadi mlangoni nikamwomba radhi, nikamwambia bibi nilikuandika vibaya. Akanishika mkono akacheka.

"Mjukuu wangu, nilikwambia moyo. Wewe mtoto wa Masoko ukanielewa Kizungu."

Nimelianza daftari jipya. Ukurasa wa kwanza nimechora dirisha la vyumba 9, na kila chumba kina majina mawili, la Basel na la kwetu. La chembe nimeliandika kwa wino mwekundu. Vyumba vya pembeni bado vina nafasi, kwa hiyo wale wa Liwale, Nachingwea, Mafia, Tanga na kwingineko, mkinikuta kantini niambieni kwenu wanaitaje. Chai juu yangu, ila subirini boom litoke.